Tairi la Nyuma Linapoliwa Upande Mmoja: Mada kwa Mafundi na Wenye Magari ya Zamani

Gari likiingia gereji na tairi la nyuma lililoliwa upande wa ndani, ushauri hutoka kabla jeki haijagusa chini: "Lipeleke likapigwe alaimenti." Mwenye gari analipeleka, analipa, anarudi na usukani ulionyooka. Miezi michache baadaye tairi jipya lina kipara palepale, na safari hii lawama inamwangukia muuza matairi.

Kipimo kinachoishia magurudumu ya mbele hunyoosha usukani tu. Ya nyuma yanabaki kama yalivyokuwa. Mada hii inashikilia jambo moja: kwa gari la zamani, tairi la nyuma lisomwe kabla ya nati yoyote kulegezwa, na lisomwe kwa mkono, maana jicho hudanganyika.

Kiganja kinapitishwa juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha kinarudishwa. Kikiteleza kwenda na kukwaruzwa kurudi, kama kilichopita kwenye meno ya msumeno, tairi linaburuzwa kiubavu: limeelekea ndani au nje kupita kiasi. Uso ukiwa laini lakini ukingo mmoja umekwisha, huenda tairi limelala, yaani sehemu yake ya juu imeinamia ndani au nje. Mabonde na vilima kuzunguka duara humtuma fundi kwenye shokapu, na beringi nayo isisahauliwe. Katikati kukiisha, upepo ulizidi; zikiisha kingo zote mbili, upepo ulipungua. Kipara cha sehemu moja tu ya duara ni alama ya gurudumu lililofunga likaburuzwa bila kuzunguka.

Kabla ya kuamini alama hizo kuna swali la kumuuliza mwenye gari, nalo husahaulika kuliko yote: tairi hili lilikuwa wapi mwanzo? Matairi yaliyoliwa mbele huhamishiwa nyuma "yamalizie maisha", na fundi wa pili anaanza kutafuta ugonjwa wa nyuma ambao haupo. La mtumba huja na historia ya gari lingine kabisa. Njia rahisi ni kupima kina cha mifereji ndani, katikati na nje, kuandika tarakimu hizo, kisha kupima tena baada ya kilomita elfu moja au mbili. Pengo kati ya ndani na nje likiendelea kupanuka, ugonjwa uko hapo lilipo sasa. Kipimo kikikaribia milimita 1.6, pale vialama vya ndani ya mifereji vinapolingana na uso wa tairi, muda wa uchunguzi umekwisha, tairi libadilishwe.

Mfano mzuri wa ugonjwa wa nyuma ni Corolla 110, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1995 na ambalo bado linabeba abiria na magunia mitaani kwetu. Nyuma, kila gurudumu linajitegemea: limeshikwa na mikono miwili ya kukingama na mmoja wa kwenda mbele, na kwenye ncha za mikono hiyo kuna bushi za mpira. Mpira una umri. Ukichanika, gari likiwa limesimama gurudumu linaonekana sawa, lakini likikimbia au likifungwa breki linachungulia nje. Springi zilizochoka nazo huliketisha gari, na mfumo wa aina hii ukishuka, sehemu ya juu ya gurudumu huinamia ndani. Kisha kuna kosa la gereji yenyewe: jeki kuwekwa chini ya mkono mwembamba badala ya sehemu iliyotengwa. Mkono unapinda kidogo, hakuna anayeuona, tairi linaanza kulipa.

Linalipa kiasi gani? Gurudumu lililokengeuka nusu digrii tu huburuzwa kiubavu karibu mita 9 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, takriban kilomita 190, ni zaidi ya kilomita moja na nusu ya kusuguliwa kwenye lami. Hakuna tairi, liwe la bei gani, linalostahimili hesabu hiyo.

Nusu digrii hiyo hupimika kwa uzi. Gari huwekwa sakafu tambarare, upepo ukiwa kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, halafu uzi hunyooshwa kila ubavu, kwa urefu wa katikati ya magurudumu. Usigusishwe matairi, kwa sababu upana wa mbele na wa nyuma haulingani. Nyuzi mbili ziwe sambamba, na zilingane umbali na habu za kushoto na kulia. Kisha hupimwa kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na hadi ukingo wa nyuma. Kwenye rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 3 ni karibu nusu digrii.

Vitz ya 1999 na IST ya 2002 ni habari nyingine. Kwa zile zisizoendeshwa na magurudumu yote manne, nyuma kuna boriti moja inayounganisha pande mbili, wala hakuna bolti ya kurekebishia. Fundi anayedai ameipiga alaimenti ya nyuma aulizwe ameshika wapi. Boriti iliyopindishwa na shimo hubadilishwa. Bushi zake mbili za mbele nazo hukaguliwa.

Kwa Corolla 110, gari likiwa juu ya stendi, gurudumu hutikiswa juu na chini kutafuta beringi iliyolegea, na kila bushi husukumwa kwa mtaimbo. Vilivyokufa hubadilishwa kwanza, alaimenti ya magurudumu manne ifuate. Bolti za mikono zisikazwe gari likining'inia. Lishushwe, likalie uzito wake, ndipo zikazwe. Vinginevyo bushi mpya zitaishi zimejisokota, na mpira utaanza kuchanika upya kabla ya wakati wake.