Alamu ya Gari Kuukuu: Tuanze na Waya, King'ora Baadaye

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya mafundi umeme wa magari na wenye magari, Runyenjes, Kaunti ya Embu



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua na kufunga alamu katika gari la zamani. Ninaposema gari la zamani nawaza yale tunayoyaona kila siku stejini na sokoni: Toyota 100, Nissan B14, Probox za mwanzo mwanzo zilizotoka 2002, pamoja na pikapu za Datsun na Peugeot 504 ambazo wazee wetu walizinunua kwa pesa za kahawa. Serikali hairuhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililopita miaka 8, lakini likishaingia hakuna anayelihesabia umri. Ndiyo sababu gari la 1994 bado linapanda Rukuriri na watu wake na magunia yake.

Msimamo wangu ni huu. Kwenye gari la aina hiyo, pesa ziende kwanza kwenye kazi ya waya na kwenye kile kinachozuia injini isiwake. Kinachopiga kelele kije mwisho. Madukani mambo huwa kinyume: mteja anasikilizishwa sairini yenye milio sita, anaonyeshwa rimoti inayong'aa, analipa, halafu fundi anapewa nusu saa na mkanda wa solteipu.

Kwa nini gari la zamani lihangaikiwe

Mwenye gari jipya akiibiwa ana mahali pa kulilia. Mwenye gari la 1996 hana. Kampuni nyingi za bima hukataa kutoa bima kamili gari likishazeeka, kwa hiyo anabaki na thadi pati, ile ambayo Sura ya 405 ya sheria zetu inamlazimisha kuwa nayo. Hiyo humlinda mtu uliyemgonga. Gari likichukuliwa usiku ukiwa umelala, haikupi hata shilingi.

Kuna sababu ya pili. Uingereza, tangu Oktoba 1998, kila gari jipya la abiria lilitakiwa liwe na imobilaiza kutoka kiwandani, yaani kifaa kinachoutambua ufunguo kabla ya kuiruhusu injini iwake. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka hiyo, ndiyo tuliyoyarithi sisi, yalikuja bila kifaa hicho. Ufunguo wake ni chuma kitupu. Ukishalika kwa miaka 25 pamoja na kitasa chake, hata ufunguo wa gari la jirani unaweza kuzunguka humo. Fundi yeyote hapa amewahi kuliona hilo, na kama hajaliona, ajaribu mchana huu.

Hapa kwetu wezi hufuata vitu vya aina mbili. Kuna wanaotaka betri, vioo vya pembeni, redio, taa, au ile kontroli boksi ya injini. Hawa wanahitaji dakika chache tu na boneti iliyofunguka. Halafu kuna wanaotaka gari zima, wakalikatekate spea. Probox inapendwa kwa sababu kila kipande chake kina mnunuzi. Alamu inaweza kuwasumbua wote wawili ikifungwa vizuri. Anayefyonza mafuta kwenye tangi haimgusi, kwa hiyo msimwahidi mteja kwamba itamzuia.

King'ora na majirani

Sikusudii kukidharau king'ora. Katika maegesho makubwa ya Nairobi alamu ikilia watu hutazama saa zao wakaendelea na safari. Huku, usiku bomani, watu hutoka. Wanalijua gari, wanamjua mwenyewe, na wanajua kama yuko nyumbani. Hiyo ni nguvu ambayo hainunuliwi dukani. Lakini inapotea upesi: alamu ikilia bure usiku wa Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, Jumamosi mwizi atafanya kazi yake huku jirani akivuta blanketi. Kwa hiyo kuondoa milio ya uongo ni sehemu ya ulinzi wenyewe.

Milio hiyo kwa kawaida huanzia kwenye swichi za milango. Toyota nyingi zina kile kitufe chenye mpira kwenye nguzo ya mlango. Mlango ukifunguliwa, kinagusa bodi na taa ya ndani inawaka. Katika mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, matope mekundu huingia humo. Mpira umepasuka, kutu imekaa, na mlango uliofungwa unaonekana kwa alamu kana kwamba uko wazi. Kabla ya kufunga chochote, ziondoe zote, uzisugue, ubadilishe zilizokufa. Hazina gharama kubwa. Swichi ya boneti nayo iwekwe juu, mbali na njia ya maji yanayotiririka kutoka kwenye kioo.

Kihisi mtikisiko kina tundu dogo la kurekebishia kwa bisibisi. Kifunge kwenye chuma kigumu, kama mabano ya usukani. Kikifungwa kwenye fungu la nyaya au kwenye plastiki ya dashibodi, hakisikii vizuri. Kisha piga kioo cha dirisha kwa kiganja kilichofunguka. Hapo kinapaswa kutoa mlio mfupi wa onyo. Subiri bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa ipite karibu. Ikiwa kinalia kamili, punguza. Mama mmoja mwenye gari aliwahi kuniambia, "Fundi, hii alamu yako inalia hata mbuzi akijikuna kwa bampa." Mbuzi hakuwa na kosa.

Rimoti

Hapa ndipo penye tofauti ambayo mteja haioni. Rimoti za bei ya chini hutuma namba ileile kila ukibonyeza. Mtu mwenye kifaa cha kunasa mawimbi anairekodi mara moja tu, kisha anairudia atakapo. Rimoti bora hubadilisha namba kila mbonyezo, na iliyokwisha kutumika haikubaliwi tena. Mojawapo ya mifumo hiyo iliyoenea zaidi duniani, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na kampuni ya Nanoteq, kisha ikauzwa kwa Microchip ya Marekani mwaka 1995. Watafiti wa Ulaya walikuja kuonyesha mnamo 2007 na 2008 kwamba nayo inaweza kuvunjwa. Hata hivyo mwizi wa betri hapa Runyenjes hana maabara, na tofauti kati ya namba inayobadilika na isiyobadilika bado ni kubwa sana.

Usiyaamini maandishi ya kwenye boksi. Fungua rimoti kwa kisu, utazame chipu kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta EV1527 au PT2262, hiyo namba haibadiliki. Ukikuta HCS200 au HCS301, uko kwenye familia ya KeeLoq. Muuzaji asiyekubali rimoti ifunguliwe, tafuta mwingine.

Kuna pia ujanja usiohitaji kuvunja namba yoyote: mwizi hubonyeza kifaa chenye mawimbi yaleyale wakati wewe unafunga gari, rimoti yako ikazidiwa, nawe ukaondoka ukidhani umefunga. Dawa yake ni ya bure. Tazama taa za indiketa zikipepesa, kisha vuta kitasa.

Mahali pa kukata

Naomba mnivumilie hapa, maana ndipo mafundi tunapotofautiana, na ndipo penye hatari.

Rilei ya alamu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inaweza kukata stata, pampu ya mafuta, au moto wa koili. Wengi hukata moto, kwa sababu waya wake uko karibu na swichi ya ufunguo na kazi huisha haraka. Sipendi. Rilei mbovu ikiachia wakati gari linatembea, injini inazimika palepale: usukani wa pawa unakuwa mzito, na breki zinapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Barabara yetu ya Embu hadi Meru ni ya kona na mabonde ya mito, na kila anayeshuka kuelekea daraja la Nithi anajua sitanii. Kwa sababu hiyohiyo siipendi trakka inayozima injini kwa simu wakati gari liko mwendoni.

Kukata stata ni salama. Rilei ikifa, gari linagoma kuwaka ukiwa nyumbani, basi. Lakini Runyenjes ni mji wa miteremko. Gari la gia za mkono, vijana wawili wakilisukuma na gia ya pili ikaingizwa, linawaka bila stata. Kwa hiyo kwenye otomatiki nakata stata peke yake na nalala usingizi. Kwenye gari la gia za mkono lenye injekta, nakata pampu ya mafuta, na stata naiwekea swichi ya siri isiyohusiana kabisa na alamu. Gari la kabureta lenye pampu ya kusukumwa na injini halina waya wa kukata huko, hapo hatuna budi kurudi kwenye koili, kwa rilei ya ubora wa juu tu. Dizeli ya zamani kata ile solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu.

Sasa miguu ya rilei. Ukipitisha umeme wa pampu kwenye 30 na 87a, rilei iliyotulia inaruhusu mafuta. Alamu ikiharibika ukiwa njiani, gari linaendelea. Ubaya wake: mwizi akichomoa fyuzi ya alamu, naye anaendelea. Ukitumia 87, mambo yanageuka. Mwizi anakwama, lakini nawe unakwama alamu ikifa. Mimi nachagua 87a kwa pampu, kisha naficha boksi la alamu na fyuzi yake mahali ambapo panahitaji kufungua dashibodi. Wenzangu wa Nairobi watasema naogopa. Wao hawashuki Nithi na mzigo.

Mguu wa 86 upewe umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa tu, usitoke moja kwa moja kwenye betri. Rilei iliyokamata hunywa karibu miliampia 150. Ikikamata usiku na mchana ni ampia-saa (Ah) 3.6 kwa siku, na betri ya NS40, ambayo ina takriban Ah 35, haimalizi siku kumi.

Na betri ndiyo hesabu inayosahaulika. Alamu yenyewe ikitulia hutumia kama miliampia 20. Kwa mwezi ni Ah 14.4. Mwalimu anayeendesha kila siku hatajua. Mtu anayeacha gari bomani akaenda Mombasa mwezi mzima, akiwa na betri iliyochoka, atarudi akute kila kitu kimekufa pamoja na alamu. Pima kabla na baada: fungua waya wa hasi, weka mita kwenye ampia 10, funga milango, subiri dakika kama kumi, soma. Gari likiwa tayari linavuja zaidi ya miliampia 50 kabla ya alamu, tafuta uvujaji huo kwanza. Mara nyingi ni redio iliyofungwa na mtu mwenye haraka.

Chini ya dashibodi

Lala chali upande wa dereva wa Toyota 100 iliyokwishapita mikononi mwa mafundi watano. Utaona nyaya zilizosokotwa kwa vidole, solteipu ikining'inia yenye gundi iliyogeuka maji, na waya mwembamba wa spika uliobebeshwa taa za ukungu. Ukiongeza alamu juu ya fujo hiyo, lawama zote zijazo ni zako. Ondoa kisichofanya kazi. Kila kiungo kichomwe risasi na kuvishwa mpira wa kusinyaa. Waya wa pampu usiwe mwembamba kuliko ulioukata. Waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, siyo kwenye skrubu ya plastiki.

Pima rangi za nyaya kwa mita, usizikariri. Taa ya kupimia inafaa kwenye indiketa na pembe, lakini isiguse waya wa kontroli boksi, wala plagi za manjano za mfuko wa hewa kwenye Probox. Wenye Canter, wengi wenu mna volti 24. Alamu ya volti 12 itaungua kabla hujafunga boneti. Na ile alamu inayowasha gari kutoka mbali, usiifunge kwenye gia za mkono. Mtu akiiacha kwenye gia, gari litaruka ukutani likiwa tupu, au na mtoto mbele yake.

Kuna tabia yetu moja ambayo wezi wanaipenda: sote tunaficha swichi ya valeti, ile ya kuizima alamu kwa muda, mahali pamoja, kulia chini ya usukani. Vijana tuliowafundisha kazi wanajua, na si wote waliobaki kwenye kazi hii. Badilisha mahali kwa kila gari. Chora ramani ya ulichofanya, rangi kwa rangi, umkabidhi mwenye gari, naye aiweke nyumbani pamoja na rimoti ya pili. Mwonyeshe namna ya kutumia valeti akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, arudie mbele yako mpaka aweze bila kukuuliza.

Nje pameegeshwa Toyota 100 ambayo mwenyewe ameturuhusu tuifungue. Baada ya chai tutaanza na kupima uvujaji wa betri, kisha swichi nne za milango. Kila fundi aje na mita yake.