Maji Yakinuka Petroli, Mama Afanye Nini?

Leo tutazungumza juu ya maji yaliyochafuliwa na mafuta. Mafuta ninayosema si yale ya kupikia. Ni petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Pengine utauliza, "Sista, sisi tuko Pipeline. Mafuta yakimwagika baharini huko Mombasa, yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu. Mafuta ya magari yakishushwa bandarini Mombasa, mengi husafiri kwa bomba hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 450 hivi. Bomba la kwanza lilianza kazi mwaka 1978, na mwaka 2018 jipya likachukua nafasi yake. Hata jina la mtaa wetu linatukumbusha bomba hilo. Kwa hiyo mafuta yanaweza kumwagika mbali na bahari, katikati ya watu.

Mambo haya yamekwisha kutokea. Tarehe 12 Septemba mwaka 2011, petroli ilivuja ikaingia katika mtaro uliopita kijiji cha Sinai, Lunga Lunga, si mbali na sisi. Watu walikuja kuteka mafuta yale kwa ndoo na mitungi. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Mwezi wa Mei mwaka 2015 ilijulikana kwamba bomba limevuja huko Thange, karibu na Kibwezi, Kaunti ya Makueni. Huko jambo lilikuwa la maji. Mafuta yaliingia ardhini, yakafika mtoni na katika visima ambavyo watu walitegemea kwa kunywa, kupika na kunyweshea mifugo. Bomba lilizibwa, lakini kazi ya kusafisha na kupima maji iliendelea kwa miaka.

Kwa nini ichukue muda huo wote? Sikiliza vizuri. Mafuta yakimwagika, sehemu yake huelea juu ya maji, sehemu huruka hewani, na sehemu hunywewa na udongo. Yale yaliyo ndani ya udongo hutoka kidogo kidogo. Mvua ikinyesha, maji huyasukuma tena hadi kisimani au mtoni. Leo maji yanaweza kuonekana safi, na baada ya mvua kubwa yakawa machafu tena. Ndiyo sababu maji hayapimwi mara moja tu.

Hata baharini ni vivyo hivyo. Mwaka 2020 meli iitwayo Wakashio ilikwama kwenye miamba ya kisiwa cha Mauritius, ikamwaga tani 1,000 hivi za mafuta. Wavuvi walizuiwa kuvua katika eneo lililochafuliwa. Katika ajali kama hiyo wataalamu hupima maji, mchanga na samaki, tena na tena. Samaki hawaruhusiwi kuliwa kwa sababu tu maji yamerudi rangi yake.

Sasa, maji hupimwa vipi? Mpimaji huchukua maji mahali palipochafuka, na pia mahali ambapo mafuta hayajafika, ili alinganishe. Hutumia chupa safi ya kioo, huijaza hadi juu pasibaki hewa, huifunga sana, huiweka kwenye baridi na kuipeleka maabara haraka. Akiacha hewa ndani ya chupa, kemikali nyingine huruka, na majibu yakadanganya.

Kemikali moja inayotafutwa ni benzini, ambayo imo ndani ya petroli. Mtu akiingiza benzini mwilini kwa muda mrefu anaweza kupata saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi milligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kiasi hicho ni kidogo sana. Benzini inaweza kukizidi mara nyingi na pua yako isihisi kitu. Kwa hiyo, mama, shika neno hili: pua yako inaweza kukuambia maji ni mabaya, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba maji yamepona. Hilo ni la maabara.

Hapa kwetu maji hutoka mahali pengi: mfereji wa ploti, kisima cha kuchimbwa, na mitungi ya mkokoteni. Mara nyingine paipu za plastiki hupita ndani ya mitaro. Petroli na dizeli zikituama juu ya paipu ya plastiki zinaweza kupenya, hata kama paipu haina tundu. Pia kuna mitungi iliyowahi kubeba mafuta kabla ya kuuzwa sokoni. Mtungi kama huo usiutumie kwa maji, hata ukiusugua na sabuni mara kumi.

Dalili za kuangalia ni hizi. Kwanza, harufu ya petroli au mafuta ya taa. Pili, utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Utando mwingine huletwa na madini ya chuma, kwa hiyo uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama ganda, yaelekea ni wa chuma. Ukiachana kisha ukaungana tena, yaelekea ni mafuta. Tafadhali usiyaonje maji ili kuhakikisha, wala usimpe mtoto ayaonje.

Ukiona dalili hizo, usiyachemshe. Najua tumekufundisha siku zote kuchemsha maji, na mafunzo hayo bado ni ya kweli kwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini mafuta si kijidudu. Ukichemsha, mvuke wake utajaa chumbani, nanyi mtauvuta. Tena unaweza kushika moto. Dawa ya klorini haiyaondoi mafuta. Kitambaa hakiyachuji. Kuyaacha yalale usiku kucha hakuyafanyi salama.

Basi fanya hivi. Acha kuyatumia kwa kunywa, kupika, kuchanganya maziwa ya mtoto, kuoga na kufua. Funga mtungi, utie alama, uuweke mbali na jiko na watoto. Waambie majirani na keateka, maana wanaotumia mfereji mmoja nanyi wako hatarini pia. Mwulize mwuzaji maji aliyateka wapi. Kisha toa habari kwa mhudumu wa afya ya jamii, afisa wa afya ya umma, chifu, au kampuni ya maji ya Nairobi. Kwa mito na visima wako watu wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na wa NEMA. Taja mahali, siku na saa. Chukua maji kutoka chanzo kingine kabisa, na usirudie yale ya kwanza mpaka uambiwe yamepimwa na yako salama.

Najua mtungi ule umeulipia, na kesho ni siku ya kutafuta pesa nyingine. Ni uchungu kuyaacha maji uliyonunua. Lakini mtoto mchanga hunywa maji mengi kwa kulinganisha na uzito wake, na mwili wake bado unajengwa. Mpatie yeye kwanza maji yasiyo na shaka.

Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa yenyewe, usimtapishe! Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji safi, umkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima. Akikohoa au akipumua kwa kasi, usichelewe hata kidogo.

Na ukisikia harufu kali ya petroli mtaroni, usiende kutazama. Zima jiko na usiwashe kiberiti. Chukua watoto mwondoke upande ule upepo unakotoka. Mkiwa mbali, piga simu 999 au 112. Hakuna debe la petroli lenye thamani ya mtu mmoja wa Sinai.

Mama, wewe ndiwe unayefungua mtungi asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukinusa, ukaacha kuyatumia, ukatoa habari, wapimaji watajua mahali pa kuanzia. Mwambie na jirani ambaye hakusikiliza leo. Mpaka tutakapokutana tena, ninawatakia afya njema. Kwaherini.