KUMBI NA KIINI CHA TAUHIDI

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, watoto wetu hutamka shahada hata kabla hawajajua kusoma, nasi wazee wao hufurahi. Leo na tujiulize: neno hilo likishatoka ulimini, hufika wapi?

Imam Abu Hamid Al-Ghazali, katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din, ameifananisha Tauhidi na jozi, yenye ganda la nje, ganda la ndani, kiini, na mafuta yaliyomo kiinini. Sisi tuliozoea minazi twaweza kulifahamu jambo hili kwa nazi: kumbi, kifuu, nyama na mafuta. Daraja ya kwanza ni kutamka kwa ulimi, na hali moyo umeghafilika. Ya pili ni moyo kusadiki. Ya tatu ni kuona, kwa nuru ya Mola, kuwa mambo yote, ingawa ni mengi, yatoka kwa Mmoja. Ya nne ni mja kutoona ila huyo Mmoja, hata nafsi yake asiione. Hapo Imam aliizuia kalamu yake, akabainisha kuwa siri za daraja hiyo hazifai kuandikwa kitabuni.

Hakusema hivyo kwa kukosa ufasaha. Mwaka 1095, akiwa mwalimu wa wanafunzi wapatao 300 mjini Baghdad, ulimi wake ulifungika, asiweze kusomesha. Alikuwa ameikagua nia yake, akaona inatafuta jaha na sifa. Akaacha cheo, akaenda Sham. Lakini tuzingatie: mwaka 1106 alirejea kusomesha, mjini Nishapur. Hakuyatupa maneno, aliyarudisha mahali pake.

Basi tujihadhari na makosa mawili. Wako wanaogombana juu ya maneno ya kumsifu Mola hata ndugu hawaamkiani. Hao wanapigania makumbi. Na wako wanaodai kuwa wamekwisha fika, hawana haja tena ya sala wala saumu. Hao wamesahau kuwa kumbi ndilo liihifadhilo nazi. Qur'ani, katika Surat Ash-Shura, yatufundisha kuwa hakuna kitu kilicho mfano wa Mwenyezi Mungu. Hivyo maneno yetu hayamzunguki. Lakini Yeye mwenyewe ametufundisha majina Yake ili tumwombe kwayo.

Leo tukirejea majumbani, kila mmoja wetu aiulize nafsi yake: niliposhuhudia kuwa hapana Mola ila Mwenyezi Mungu, ni nani niliyekuwa nikimwogopa kazini, na ni nani niliyekuwa nikimtegemea kwa riziki yangu? Jibu la swali hilo halimo mdomoni.

Ewe Mola wetu, zijaalie nyoyo zetu zisadiki yale ambayo ndimi zetu zinatamka, na utusamehe upungufu wa kauli zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.