Picha na Nafasi Tupu Katika Tovuti: Maoni Yanayomsaidia Mbunifu



Nitaanza na kazi moja ya hapahapa Bagamoyo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha mengi ya mada hii.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliniomba niutazame ukurasa wa kwanza wa tovuti yake. Juu kulikuwa na simba amelala nyasini. Chini yake, ufukwe wa mchanga mweupe na maji ya samawati, kisha picha nyingine 9 zimebanana kama abiria wa daladala ya jioni. Nyumba yenyewe haikuonekana vizuri popote. Simba wa kwetu wako katika hifadhi ya Saadani, na pwani yetu si ile: maji yakipwa huenda mbali, yakaacha tope na ngalawa zimelala ubavu, na ukielekea Kaole unakutana na mikoko. Mgeni aliyeahidiwa maji ya samawati akikuta tope ataona ametapeliwa. Aliyeonyeshwa mikoko na ngalawa atakuja kwa ajili ya hizohizo.

Kumwambia mbunifu "picha si nzuri" ni kumwacha gizani. Nilimwandikia kijana aliyeitengeneza tovuti: jicho langu limeanzia kwa simba, likahangaika kwenye zile picha 9, namba ya simu nimeiona mwisho kabisa; wewe ulitaka nianze kuona nini? Akajibu: baraza. Kumbe picha ya baraza ilikuwa ya 7, ndogo kama stempu. Tukaipandisha juu, peke yake. Ilikuwa na upana wa pikseli 6,000 na uzito wa megabaiti 8, mzigo mkubwa kwa mtu anayetumia bando la simu. Tulipoipunguza hadi pikseli 1,200 ikashuka chini ya kilobaiti 300, na kwenye simu hakuna aliyeona tofauti.

Ugumu ulikuja kwenye nafasi. Mama alipoona pembeni mwa baraza pako wazi, aliuliza, "Mwanangu, hapa pamebaki, mbona hamjaweka kitu?" Nawaomba msimdharau mteja anayeuliza hivyo. Ameutolea ukurasa fedha zake, na patupu kwake ni hasara. Nilimwomba anyooshe kanga aliyojitanda. Pindo limejaa nakshi, mji umejaa korosho, lakini jina limewekewa kisanduku chake, na humo ndani hakuna ua hata moja. "Wangejaza na hapa, Mama, ungelisoma?" Akapitisha kidole juu ya herufi, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Hatukubishana tena.

Nafasi tupu si lazima iwe nyeupe. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, aliweza kumchora mnyama mmoja juu ya ubao uliopakwa rangi moja, na jicho likakosa pa kupotelea. Mliopitia chuo cha sanaa cha hapa, TaSUBa, mnalijua hili kwa mikono yenu. Msiliache mlangoni mkiingia kwenye kompyuta.

Lakini nafasi nayo huzidi. Ukurasa uleule tuliufungua kwenye soko la samaki, saa 7 mchana. Herufi zetu za kijivu juu ya weupe zikamezwa na jua. Bei tulikuwa tumeisukuma chini mno, na mchuuzi tuliyemkabidhi simu alichoka kabla hajaifikia. "Bei iko wapi?" akauliza. Hayo ndiyo maoni bora tuliyopata katika kazi nzima. Herufi zikawa nyeusi, bei ikasogea jirani na baraza. Ndiyo maana siamini maoni kuhusu nafasi yanayotolewa mbele ya skrini kubwa, ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Nimekuja na kurasa 3 za tovuti halisi, majina nimeyafuta. Kabla ya chai, naomba kila mmoja afungue mmojawapo kwa simu yake, atoke nje juani, na aandike mambo mawili tu: jicho lake limeanzia wapi, na limekwama wapi.