Ufuo ni wetu, sawa. Tunapitia wapi?

Jamani, mliouliza nilichosema kwenye mjadala wa juzi, ni hiki hapa.

Kila msimu wa kura mtu hupanda jukwaani Pwani na kusema, "Tutawarudishia ufuo wenu!" Makofi. Mimi nasomea sayansi ya siasa, mwaka wa tatu, na hiyo kauli hunisumbua. Unarudishiwaje kitu ambacho kisheria hakijawahi kukutoka?

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya maji yanapofika yakijaa na yanapofika yakipwa ni ya umma. Serikali ya kitaifa inaishikilia kwa niaba yetu, Tume ya Kitaifa ya Ardhi inaisimamia. Kwa hivyo askari wa geti akikufukuza kwenye ule mchanga uliolowa, hana sheria mkononi.

Lakini utafikaje hapo? Nyuma ya mchanga kuna ploti zenye hati, ukuta kwa ukuta, na Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu.

Nyanya yangu huvua pweza kwenye mwamba. Njia tuliyopita nikiwa mdogo sasa ina geti, kwa hivyo anazunguka karibu saa nzima. Siku za bamvua mwamba unabaki wazi saa chache tu, halafu maji yanarudi. Hayamngojei yeye. Anafika wenzake wa upande ule wameshajaza vikapu. Na hakuna aliyemnyima ufuo, eti. Kwenye karatasi haki yake iko sawa kabisa.

Wenye hoteli nao wana hoja: usalama wa wageni, ajira za vijana wetu. Sikatai. Ila njia ya miguu si barabara kuu.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua njia ya umma inayopita kwenye ardhi ya mtu, na mwenye ardhi hulipwa fidia. Maombi yanapelekwa kwa Tume. Ni kazi ya ramani, vikao na pesa, ndiyo maana huisikii jukwaani.

Sasa, mgombea akija kwenu na hiyo ya "ufuo wenu", muulizeni: njia ipi, inakata ploti gani, fidia iko kwenye bajeti ya mwaka upi? Akianza habari za mababu, mrudisheni kwenye ramani.