Chombo Safi, Hesabu Safi

Hotuba ya Katibu katika Mkutano wa Kuadhimisha Miaka 10 ya Chama Kikuu, Kisiwani Mafia



Wenzetu waliotangulia kusema wameeleza habari za minazi, mikorosho na maghala. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa sehemu iliyo ndogo kuliko zote, nayo ni habari za kikundi chetu cha kuosha vyombo na gati. Twajua kwamba huko mabarazani kikundi hiki kina jina lake la utani, wakwangua ukoga. Hatulikatai jina hilo. Ila twaomba mtuvumilie kidogo, maana katika ukoga huo mna mafunzo ambayo Chama kizima kimeyapata kwa gharama.

Yatupasa kuanza na aibu yetu. Katika mwaka wa pili wa Chama tulipakia mbata za wanachama katika mashua ya kukodi ili zipelekwe Dar es Salaam. Ulikuwa wakati wa kaskazi, na upepo ulikuwa wa mbele. Mashua ile ilikuwa imekaa majini siku nyingi bila kuoshwa. Ilikwenda kama mtu mwenye mzigo miguuni, ikalala baharini usiku ambao haukutazamiwa, na maji yakaingia kwa chini. Mbata zilipofika zilikuwa zimeota ukungu, na mnunuzi akakata bei. Wanachama walipotuuliza, tulijibu kwamba ni amri ya bahari. Jibu hilo halikuwa la kweli. Kosa lilikuwa letu sisi tulioandika hati ya mzigo bila kuinama kutazama chini ya chombo.

Hapo ndipo kikundi kilipozaliwa. Tuliwaita vijana wachache wanaojua kazi ya pwani, tukawaomba wazee mafundi wawafundishe.

Kwa ajili ya ndugu zetu wa mashambani tueleze kazi yenyewe. Chombo kikikaa majini hushikwa kwanza na ukoga laini, kisha mwani, kisha vile vijikombe vigumu vinavyokata mkono kama wembe. Vitu hivyo huongeza uzito na kukizuia chombo kukata maji. Chenye tanga huchelewa, na chenye mashine hula mafuta zaidi. Wabaya kuliko hao ni wadudu watoboao mbao, kwa sababu kazi yao haionekani mpaka ubao umekuwa kama sega la nyuki.

Kazi hii hufuata mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Chombo huletwa juu ya mchanga mgumu maji yakiwa yamejaa, huegemezwa kwa magadi, na maji yakipwa hubaki kikavu. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na dakika chache, lakini muda wa kufanya kazi ukavuni ni mfupi kuliko huo. Katika muda huo watu hukwangua, husugua, huchoma makuti makavu chini ya mbao ili kuwaua wadudu, hukalafati penye nyufa, kisha hupaka deheni ya shahamu na chokaa. Boti za plastiki ngumu hazitiwi moto wala hazikwanguliwi kwa chuma. Hizo huoshwa kwa brashi laini na subira.

Kadhalika gati. Ngazi zilizoota ukoga humwangusha mchukuzi mwenye gunia begani, na mmoja wa wachukuzi wetu alivunjika mguu namna hiyo. Tangu siku ile, kila bamvua ya msimu vijana husugua ngazi kwa mchanga na brashi ya waya maji yanapopwa. Ni kazi isiyo na sifa, lakini hajaanguka mwingine.

Sasa tuje kwenye fedha. Kazi yetu ni ya msimu. Huanza kusi linapolegea mwezi wa Septemba, wenye vyombo wanapojitayarisha kwa kaskazi, na boti za wageni zinapotengenezwa kwa ajili ya kwenda kuwatazama papa potwe. Hupamba moto wakati wa tangambili, nayo hufifia masika yanapoingia mwezi wa Machi. Baada ya hapo, miezi mingi ni mikavu kwa mfuko ingawa mvua inanyesha.

Msimu wa kwanza uliisha vizuri, nasi tukagawana fedha zote mpaka senti ya mwisho. Tulikula vizuri. Masika yalipokuja vijana wawili waliondoka kutafuta kibarua kwingine, brashi zilikuwa zimekwisha meno, kamba zimeoza, na Septemba iliporudi hatukuwa na fedha ya kununua hata shahamu. Tulikopa, tukaanza msimu tukiwa nyuma. Tangu hapo tuna kanuni moja ambayo hata mtoto aweza kuikariri: katika kila shilingi 10 zinazoingia, 5 ni za wafanyakazi, 2 za vifaa, 2 za akiba ya masika, na 1 ya Chama. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe kisiwe na tundu.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema. Katika msimu wa pili vijana walipokea vyombo viwili katika bamvua moja, nasi ofisini tukaridhia kwa tamaa ya malipo. Chombo cha pili hakikuwahi kukalafatiwa sawasawa. Maji yalijaa kabla ya kazi kwisha, na alfajiri tulikikuta kimekaa chini, kimejaa maji hadi fundo za mbavu. Chama kilimlipa mwenye chombo hasara yake. Katika kikao kilichofuata baadhi yetu tulishauri malipo yale yaandikwe chini ya matumizi mengineyo, ili mkutano usikasirike. Mzee mmoja wa Halmashauri alituuliza tu: “Ufa wa chombo mnauziba kwa pamba, ufa wa kitabu mtauziba kwa nini?” Tuliandika kila kitu kama kilivyotokea, na mkutano ulikasirika kweli. Lakini mwenye chombo yule yule alirudi msimu uliofuata, kwa sababu alikuwa ameyasoma yaliyoandikwa. Sasa twapokea chombo kimoja kwa kupwa kumoja, na mwenyewe hukikagua kwa taa kabla maji hayajarudi.

Jambo la tatu ni rangi. Wengine hutuomba rangi kali zisizoshikwa na kitu chochote. Twawakumbusha yaliyopata nchi nyingine. Rangi zenye sumu ya tributiltini ziliharibu uzazi wa chaza katika ghuba ya Arcachon huko Ufaransa, hata mwaka 1982 nchi hiyo ikazikataza kwa vyombo vidogo. Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana mkataba wa kuzipiga marufuku, nao ulianza kutumika mwaka 2008. Bahari yetu ina hifadhi tangu mwaka 1995, na wengi wa wanachama wetu hulima asubuhi na kuvua jioni. Kwa hiyo takataka za kukwangua hukusanywa juu ya turubai na kufukiwa mbali na maji. Hatuwezi kuosha chombo kwa kumchafulia mvuvi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mkutano huu umeletewa shauri kwamba akiba ya masika igawanywe kwa wanachama iwe zawadi ya miaka 10. Twaelewa nia njema ya shauri hilo. Mwaka umekuwa mgumu, na shilingi iliyo mkononi ina utamu wake. Lakini sisi tuliokwisha igawa mara moja twaomba kwa heshima shauri hilo likataliwe. Fedha hiyo ndiyo magadi ya kikundi. Ukiyaondoa magadi chombo kikiwa kikavu, hakianguki palepale. Husimama kitambo kidogo, kila mtu akisema kumbe hayakuwa na kazi, kisha huinama upande.

Kitabu cha hesabu kiko mezani, kimefunguliwa. Twaomba kila mwanachama akisome, hata ukurasa ule wa msimu wa pili, kabla ya kunyosha mkono.