Mwakenya Haiandiki Programu

Kuanzia Suneka hadi Nyansiongo, si ajabu siku hizi kukutana na mwalimu, fundi wa simu au mhudumu wa duka la M-Pesa akakwambia anajiandaa kwa mtihani wa watengenezaji wa programu za kompyuta. Amechoka na kazi aliyo nayo, anatafuta nyingine. Nampa heko. Lakini nina neno moja la kumwambia, tena zito: mtihani huu usiuendee jinsi wengi walivyouendea ule wa kidato cha nne, KCSE.

Sisi watu wa Gusii tunaijua mitihani, uzuri wake na ubaya wake. Mwaka 2016, mwana wa Nyamira, Fred Matiang'i, akiwa waziri wa elimu, aliwabana wezi wa mitihani hadi waliopata alama ya A wakabaki 141 nchi nzima, kutoka zaidi ya 2,000 mwaka uliotangulia. Matokeo ya 2022 yalipotoka, macho ya taifa yakageukia huku kwetu kwa tuhuma za udanganyifu, na wabunge wakafanya uchunguzi. Haki isemwe: wapo watoto waliokesha wakisoma, wakapita kwa jasho lao, halafu uvumi ukawapaka matope. Hata hivyo, soko la karatasi zilizovuja halijafa. Limewafuata watu wazima. Ukianza tu kuulizia maandalizi ya mtihani wa programu, utaalikwa kwenye kundi la Telegram ambako mtu asiyejulikana jina anauza maswali pamoja na majibu. Hiyo ni mwakenya, yaani karatasi ya kuibia mtihani, hata ikivaa tai.

Tuutazame mtihani wenyewe. Chukua ule wa Amazon uitwao AWS Certified Developer Associate. Una maswali 65 na dakika 130, yaani dakika mbili kwa kila swali. Ada ni dola 150, karibu shilingi 20,000 zetu. Alama ya juu kabisa ni 1,000, na anayepita ni aliyefikisha 720. Uundaji wa programu una asilimia 32 ya alama, usalama 26, kuipeleka programu kwa watumiaji 24, na kutafuta hitilafu 18. Amazon wenyewe wanashauri mtahiniwa awe ameifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa hiyo aliyekariri majibu anaweza kuambulia cheti, lakini siku ya usaili ataambiwa aandike programu mbele ya watu, na hapo Telegram haimfai kitu.

Sasa mwalimu wa Borabu, anayelipwa na bodi ya shule, ataupata wapi uzoefu wa mwaka mzima? Ataupata katika mambo anayoyajua tayari. Aandike programu ndogo ya kituo cha kununulia majani chai: tarehe, namba ya mkulima, kilo. Ijumlishe kilo za mwezi. Kisha ajiulize swali la kikubwa: karani amepima kilo 18, amebonyeza kutuma, mtandao ukakatika, akabonyeza tena. Je, mkulima ameandikiwa kilo 18 au 36? Programu itajuaje kwamba ujumbe wa pili ni ule ule wa kwanza? Swali hilo limo katika mtaala wa mtihani huo, na mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni ya majani na gunia lake analielewa upesi kuliko kijana aliyelisoma kitabuni. Anayebadilisha kazi haanzi na mikono mitupu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi uwe na daftari la makosa. Kila swali la mazoezi linalokushinda, andika kwa nini ulichagua jibu baya, kisha ujenge kitu kidogo kinachoonyesha jibu zuri. Amazon hutoa seti ya maswali 20 ya mazoezi bila malipo, nayo ni halali. Usilipie mtihani kwa sababu bonasi ya chai imeingia na pesa ziko mkononi. Ukianguka utasubiri siku 14, kisha utalipa upya ada yote.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mtihani ukiufanya kwa Kiingereza, na Kiingereza si lugha yako ya mama, una haki ya kuongezewa dakika 30. Sharti uziombe kabla ya kujiandikisha kwa mtihani. Nusu saa hiyo ni yako, usiiache.

Halafu kuna chumba. Mtihani unaweza kuufanya nyumbani huku msimamizi akikutazama kupitia kamera ya kompyuta. Utapiga picha pande zote za chumba, simu utaiweka mbali, na mtu hatakiwi kuingia wala wewe kusoma kwa sauti. Sasa fikiria nyumba ya vyumba viwili pale Daraja Mbili, watoto wametoka shule, na mvua ya alasiri ya Gusii inakuja na radi zake. Stima ikipotea, waifai nayo inapotea. Ndiyo maana nasema chagua saa za asubuhi. Asiyeweza kujihakikishia utulivu huo hubaki na safari ya kwenda kituo cha mtihani, pengine hadi Nairobi: nauli, malazi, na siku za kazi zilizopotea.

Hapa ndipo wizi unapopata mlango. Njia ya halali ikiwa ghali na ya tabu, muuza majibu huonekana msamaria mwema. Kaunti zetu mbili zinaweza kuufunga mlango huo bila kujenga jumba jipya. Kinachohitajika ni chumba kimoja Kisii na kimoja Nyamira, kwenye maktaba au chuo cha ufundi, chenye mlango unaofungika, jenereta, intaneti ya kuaminika na ratiba ya kupokezana. Maofisa wa kaunti huzungumzia ajira za kidijitali kila wanaposhika kipaza sauti. Basi mawaziri wa kaunti wanaohusika na teknolojia, wa Kisii na wa Nyamira, watuambie vyumba hivyo vitafunguliwa lini.